Usinunue kwa picha: kuchagua kitabu cha mapishi ya vyakula vibichi ukiwa Dar

Kama umeamua kuongeza vyakula vibichi nyumbani, namaanisha saladi za kushiba, smuthi, michuzi baridi, choroko za kuotesha, vitafunwa vya tende na karanga ambavyo havipiti kwenye oveni, na sa hivi unatafuta kitabu cha kukuongoza, ombi langu la kwanza ni moja tu, usianze na picha. Hivi vitabu vinapendeza mno, parachichi limekatwa vizuri, bitiruti inang'aa, unakiona tu hela inatoka, alafu unafika nyumbani unakuta kila resipi ina vitu vitatu ambavyo ukizunguka Kisutu yote mpaka Kariakoo hamna anayevijua. Anza na zile kurasa za mwanzo ambazo wengi wanaziruka, zinazoeleza namna ya kuosha, kuloweka, kuotesha, na vitu gani haviliwi vibichi kabisa. Kwenye mapishi yetu ya kila siku moto unatubeba sana, mchicha usipooshwa vizuri ukichemka vijidudu vingi vinakufa, lakini huku moto haupo, usalama wote umebaki kwenye maji, mikono, kisu na ubao wa kukatia. Mwandishi ambaye hajalishughulikia hilo hata resipi zake ziwe tamu kiasi gani hatufai sisi wa mji huu.

Na kwa Dar hili sio jambo dogo. Mwaka 2015 kipindupindu kilianza hapa hapa mwezi wa nane, Kinondoni, kikasambaa mikoa mingi, na kila mara kinaporudi tunaambiwa yale yale, chemsha maji, osha matunda, kula chakula cha moto. Sasa wewe unataka kula kisicho cha moto, kwahiyo hayo mengine lazima uyafanye mara mbili yake. Kitabu kizuri kinakwambia maji ya kusuuzia saladi yawe yale yale ambayo ungekunywa, yaani yaliyochemshwa yakapoa au yaliyotiwa dawa ya klorini, sio ya kisima moja kwa moja. Kinakwambia uoshe kwanza kwa maji yanayotiririka utoe udongo, majani uyachambue moja moja, ndo uloweke kwenye maji yenye dawa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Kinakwambia uoshe tikiti na embe kabla ya kulikata hata kama ganda unalitupa, maana kisu kinachukua uchafu wa nje kinaupeleka ndani. Vitabu vingi vya nje vinaandika "suuza" basi, kwasababu mwandishi anafungua bomba anakunywa hapo hapo. Sio kosa lake, ila ujue hiyo sehemu utajijazia mwenyewe, na kama hujiamini tafuta kitabu kingine. Alafu kuna ambalo hamna kitabu kitakusaidia, mboga zinakotoka. Mboga za kando ya Msimbazi zimesemwa miaka mingi kwa ajili ya maji machafu na madini mazito, na madini mazito hayatoki kwa kuosha wala kwa siki. Muulize mama anayekuuzia, ukizoeana naye atakwambia mzigo umetoka wapi.

Kipimo changu cha pili ni orodha ya vinavyokatazwa. Tafuta kama kitabu kina ukurasa unaosema hiki usile kibichi, na uusome kwa makini kwasababu hapo ndo utajua anayejua na asiyejua. Maharage mekundu ni mfano mzuri, yana sumu inayotapisha na kuharisha vibaya, na kuyaloweka au kuyaotesha peke yake hakuitoi, inabidi uyaloweke umwage maji alafu yachemke haswa, kutokota kabisa, dakika 10 kwa uchache na wengine wanasema 30. Ukikuta kitabu kinakwambia uoteshe "maharage yoyote" uweke kwenye saladi kirudishe kwenye shelfu. Choroko na dengu hazina shida hiyo. Kisamvu hakiliwi kibichi, magimbi yanawasha koo, viazi mviringo vilivyogeuka kijani achana navyo. Mihogo hapa inataka maelezo zaidi maana sote tunaujua ule mhogo mbichi wa kwenye toroli unaouzwa na vipande vya nazi na karanga, ule ni mhogo mtamu na watu wanatafuna kipande wanaendelea na safari, lakini mhogo mchungu una sumu ya sayanidi na ndo ulioleta konzo, ule ugonjwa wa kupooza miguu, Mara na Mtwara, kwa watu waliokula mihogo michungu isiyoandaliwa vizuri kwa muda mrefu. Kwahiyo resipi ya kusaga mhogo mbichi kwenye smuthi bila kutofautisha mtamu na mchungu, kwangu hiyo inatosha kukikataa kitabu kizima. Karanga nazo, kitabu kiseme uzichambue utoe zilizosinyaa na zenye ukungu, sumukuvu, yaani sumu inayotoka kwenye ukungu, haionekani kwa macho na hata kukaanga hakuimalizi, 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, kule ilikuwa mahindi lakini karanga ni ndugu yake kwenye hili.

Sasa kuna jambo ambalo sijaona likisemwa sana na mi naona ndo linaharibu resipi nyingi hapa mjini, nalo ni joto la chumba. Kitabu kilichoandikwa London au Chicago kikisema "acha mezani usiku kucha" kinamaanisha meza iliyopo kwenye nyuzi 20 hivi. Meza yako wewe Tabata mwezi wa pili ipo nyuzi 30 na zaidi, na unyevu wa bahari juu yake. Chukua mfano wa sosi ya korosho ambayo ipo karibu kwenye kila kitabu cha aina hii. Wanakwambia kikombe kimoja cha korosho, loweka masaa 8 mpaka 12 mezani, mwaga maji, saga na maji nusu kikombe, ndimu, punje ya kitunguu saumu na chumvi. Ukifanya hivyo Dar asubuhi utakuta maji yamekuwa na povu juu, yana utelezi, na ukinusa kuna uchachu kwa mbali, hiyo imeshaanza kuchacha, usijilazimishe kuila. Hapa masaa 2 mpaka 4 yanatosha, na kama unataka ilale basi ilale ndani ya friji, na maji ya kulowekea yawe ya kunywa. Ukiisaga inatakiwa iwe nyeupe, laini kama tui zito la kwanza, ukiipaka kwenye kidole hausikii chenga. Choroko hivyo hivyo, kitabu kinasema siku 3 hadi 5 ziote, hapa kesho yake tu unaona mkia mweupe umetoka na keshokutwa ziko tayari, na inabidi uzisuuze kwa maji safi mara kadhaa kwa siku kwasababu joto na unyevu vinavyootesha choroko ndo vinavyozalisha vijidudu pia. Kwahiyo ukiwa na kitabu mkononi tafuta resipi moja ya kuloweka na moja ya kuotesha, angalia kama anataja nyuzi joto, anataja dalili za kuharibika, anasema nusa, angalia, onja, au anatoa masaa tu kavu kavu. Anayetaja dalili utamfuata popote duniani. Anayetoa masaa tu atakupoteza.

Hapo kwenye korosho niongeze moja, maana vitabu vingi vinasisitiza "korosho mbichi". Korosho unayonunua imeshapita kwenye joto, ganda lake lina mafuta yanayobabua ngozi vibaya, kwahiyo kiwandani wanazipiga mvuke au wanazichoma ndo wazibangue. Kakao nayo, hata hii yetu ya Kyela, mbegu zake zikivundikwa zinapanda joto lenyewe mpaka kwenye nyuzi 50 hivi. Sasa mwandishi anayekuwekea sheria kali kwamba chochote kikipita nyuzi 46 au 48 kimekufa, sio kibichi tena, alafu ukurasa wa pili anakupa keki ya korosho na kakao, huyo sheria zake hajazifuatilia mwenyewe. Mwandishi mkweli anakwambia "hivi vinaitwa vibichi sokoni, kiukweli vimeguswa na moto kidogo, vitumie tu".

Mahitaji. Fungua kitabu katikati, chagua resipi tano bila kuchagua kwa utamu, soma mahitaji ukiwa na soko lako kichwani. Mi soko langu ni Buguruni na kwa vitu vya viungo na mbegu naenda Kisutu, wewe la kwako labda ni Mabibo au Tegeta au genge la hapo mtaani. Kila resipi jiulize ningeipika jumanne jioni nikitoka kazini bila kupitia supamaketi? Kama tatu kati ya tano jibu ni ndio, kitabu kinakufaa, na hizo mbili zingine utazibadilishia. Kubadilisha sio dhambi, lozi unaweka korosho au karanga, zile blueberries za kwao unaweka zambarau zikiwepo, sharubati ya miti yao (maple syrup) unaweka tende zilizolowekwa au asali, nazi changa wanayoagiza kutoka Asia wewe una dafu la hapo nje, mwambie muuzaji akuchagulie lenye nyama laini sio la maji matupu. Ila kitabu kizuri kinakusaidia kwenye hili, kinakwambia kila kitu kinafanya kazi gani, hiki ni cha utamu, hiki ni cha kushikiza, hiki ni mafuta, ukishajua kazi yake unajua cha kuweka badala yake. Kitabu kinachotaja jina la kampuni ya unga fulani wa kijani kwenye kila resipi, hicho kimeandikwa kuuza unga.

Na angalia faharasa ya nyuma, wengi hawaiangalii, iwe imepangwa kwa mahitaji na sio kwa majina ya resipi tu. Sisi tunakula kwa msimu, nanasi za Kiwangwa zikijaa mjini, embe zikishuka bei mwishoni mwa mwaka, machungwa ya Muheza yakimwagwa kila kona, unataka ufungue "embe" ukute kurasa zote zenye embe. Vitabu vilivyopangwa kwa majira ya kwao, ya theluji na sijui nini, vinakuchanganya tu, mwezi wao wa maboga sio mwezi wako wa maboga.

Vipimo na mashine napita haraka. Kikombe cha Kimarekani ni mililita 240 hivi, sio kikombe chako cha chai, aunsi ni gramu 28, paundi ni gramu 454, na nyuzi 118 za Kimarekani ni kama 48 zetu. Kitabu chenye gramu ni bora mara zote. Kuhusu mashine, hesabu resipi ngapi zinataka ile mashine ya kukaushia chakula, maana kuna vitabu nusu nzima ni mikate na biskuti za kukausha masaa 12, na mashine ya wati 500 ikikaa masaa 12 imekula uniti 6 za LUKU kwa trei chache za biskuti, ambazo kwa hewa ya pwani zinalegea ukiziacha nje kidogo tu. Blenda pia, ukiona kila sosi ni ya kusaga korosho na tende kavu mpaka zilainike na wewe una blenda ndogo ya juisi, loweka kwanza saga kidogo kidogo au chagua kitabu chenye resipi za kukata, kukwaruza na kutwanga. Kinu na mbuzi ya nazi vinafanya kazi kubwa sana kwenye mapishi haya. Na usishawishike kuagiza blenda ya Marekani kwasababu kitabu kimeisifia, ile ni ya volti 120 na huku kwetu ni 230, bila transfoma inaungua.

Kuhusu afya sasa, na hapa naomba tuwe makini sana ndugu zangu. Vyakula vibichi vina faida za kweli, vitamini C inapotea kwa moto kwahiyo pilipili hoho na mapapai na machungwa yakiliwa mabichi unapata zaidi, unakula nyuzinyuzi nyingi, unapunguza mafuta ya kukaangia. Mwandishi anayesema hayo yuko sawa. Lakini yule anayesema moto ni sumu kabisa anakudanganya, nyanya ikipikwa mwili unapata zaidi ile rangi nyekundu yenye faida, karoti ikipikwa na mafuta kidogo vitamini A yake inafyonzwa vizuri zaidi, na zile enzaimu za kwenye majani ambazo wanasema lazima uzile zikiwa hai, nyingi zinavunjwa na asidi ya tumboni kama protini nyingine, mwili una za kwake. Kitabu kinachojua lishe utakigundua kwa jinsi kinavyounganisha vyakula, karoti mbichi na parachichi kwasababu ya mafuta, majani ya kijani na ndimu ili madini ya chuma yaingie. Na kama kitabu kinakutaka ule vibichi vya mimea tu kwa asilimia 100, tafuta neno B12, vitamini hiyo kwenye mimea hutaipata ya kutegemea, asipoitaja mwandishi hajali afya yako. Kuna utafiti wa Ujerumani uliotoka 1999 wa watu waliokuwa wanakula vibichi kwa muda mrefu, wanawake wa chini ya miaka 45 karibu asilimia 30 walikuwa siku zao zimevurugika au zimekata. Ndo maana mi naona kitabu cha kukusaidia kuongeza sahani moja ya vibichi kwenye kila mlo ni bora kwa familia kuliko kile cha kukuhamisha kabisa.

Na kikikwambia uache dawa za kisukari au presha kwasababu ya juisi, usikinunue, usimpe mtu, na hata kama umetumiwa bure usikisambaze. Hilo sina utani nalo kabisa.

Angalia pia nani atakula hapo nyumbani. Vitabu vingine vinaingiza maziwa mabichi, mayai mabichi na samaki wa kutiwa ndimu tu. Ndimu inabadilisha rangi ya samaki, haiui kila kidudu. Maziwa mabichi yanaweza kuleta brusela, ule ugonjwa wa homa unaotoka kwa mifugo, na hata TB. Ukiwa na mjamzito, mtoto mdogo, bibi au babu, au mtu anayeumwa, hizo kurasa zifunge. Watoto wenyewe tumbo lao dogo, wakijazwa majani tu wanashiba kabla hawajapata nguvu ya kutosha, kwahiyo kitabu cha familia kiwe na resipi nzito, parachichi, siagi ya karanga, ndizi, tui la nazi, ufuta, sio saladi za majani ukurasa hadi ukurasa. Mi huwa naangalia kama resipi ina kitu cha kukaa pembeni ya wali au ugali bila ugomvi, kachumbari yetu ilishatuonyesha kwamba inawezekana, pilau ipo na kibichi kipo sahani moja.

Pa kukipata. Kabla ya kutoa hela nenda Maktaba Kuu pale barabara ya Bibi Titi, kaa na vitabu vya mapishi na lishe walivyonavyo, hata visipokuwa vya vibichi tupu utajifunza kutofautisha aliyepika na aliyekusanya. Maduka ya vitabu yapo mtaa wa Samora, na kwa wale wauza vitabu vya mitumba wa Posta huwa unaokota vitabu vizuri vya mapishi kwa bei ya kuongea, chimba mpaka chini ya rundo, ila angalia mwaka wa kuchapwa kwasababu vya zamani sana upande wa usalama wa mbegu za kuotesha huwa vimelala. Vya kununua mtandaoni soma kwanza zile kurasa za bure, na zile PDF zinazozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp unatuma hela kwa simu unapewa faili, mwombe muuzaji akutumie ukurasa wa maandalizi na resipi mbili kwanza. Akikataa kabisa kukuonyesha hata ukurasa mmoja mwache. Na pembeni ya kitabu chochote utakachochagua kuna jedwali la virutubisho vya vyakula vya Tanzania lililotoka 2008, Muhimbili na Taasisi ya Chakula na Lishe walishirikiana na Harvard, lina mchicha, dagaa, ubuyu na vyakula vyetu vingine, ukiwa nalo unaweza kukagua mwandishi anapokwambia kitu fulani kina chuma kuliko vyote.

Ukishakipata usipike sherehe. Chagua resipi moja ya kukata, moja ya kusaga na moja ya kuloweka, zipike kama zilivyoandikwa, kwa vipimo vyao, mara ya kwanza usibadilishe kitu zaidi ya muda wa kuloweka na maji ya kuoshea, ndo utajua kama chumvi yao na ndimu yao inakubaliana na ulimi wa nyumbani kwako. Andika kwa penseli pembeni ya ukurasa, masaa yaliyofaa kwa joto la kwako, ulinunua wapi, ulibadilisha na nini. Na kama unachagua kati ya viwili vinavyolingana, chukua kile kinachokaa wazi chenyewe mezani na chenye karatasi inayovumilia tone la maji, maana mikono itakuwa na ndimu na tui muda wote na hutopata nafasi ya kukishikilia.